HSA: je, hela yangu itapotea mwaka ukiisha?

SWALI: Dada, niko Ohio, nafanya kazi ghalani. Bima ya afya ya kazini ina makato madogo kwenye mshahara, ila lazima nilipe mwenyewe dola 2,000 za matibabu kabla haijaanza kunilipia. Wananihimiza nifungue HSA, akaunti ya kuweka akiba ya matibabu. Nisipougua, si hela imekwenda?

JIBU: Haiendi popote, mdogo wangu. Inayoweza kupotea mwaka ukiisha ni ya FSA, akaunti nyingine ya matibabu inayotolewa kazini, na watu huzichanganya kila siku. HSA ni mali yako. Hata ukiacha kazi unaondoka nayo.

Utamu wake uko kwenye kodi. Hela inaingia bila kodi ya mapato ya serikali kuu, inazaa bila kodi, na ukiitoa kulipia matibabu, meno au miwani, haitozwi. Omba wakate moja kwa moja kwenye mshahara kupitia mpango wa kazini: hapo unakwepa hata ile kodi ya asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya uzeeni). Kwa kila dola 1,000, hizo ni dola 76.50. (Kukwepa huku ni halali, usiogope.)

Kwa 2026 mwisho wa kuchangia kwa mwaka ni dola 4,400 kwa bima ya mtu mmoja, pamoja na anachochangia mwajiri. Ukiitumia kwa mambo mengine kabla ya miaka 65, utalipa kodi na faini ya asilimia 20.

Risiti tunza zote. Ya daktari wa meno ya leo unaweza kujirudishia hata miaka kadhaa baadaye, mradi akaunti ilikuwa imeshafunguliwa ulipotibiwa. Ila kwanza waulize ofisini kama bima yenu inakubalika kwa HSA. Si kila bima ya namna hiyo inafaa.