Jedwali la alama linatoa namba za ajabu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya C ya kutunza alama za wanafunzi 40, masomo 7. Nafasi nimeomba kwa malloc, lakini nikijumlisha napata mamilioni. Nikajaribu memset ili kila alama ianze na 1, ikawa 16843009! – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. malloc inakupa chumba bila kukifagia. Takataka za mpangaji aliyehama ndizo unazojumlisha. Andika hivi:

int (*alama)[7] = calloc(40, sizeof *alama);

calloc hujaza sifuri zote. Kwa int (namba kamili) ya baiti 4, hizo ni baiti 1120 mfululizo. Hakikisha calloc haikurudisha NULL (yaani nafasi imekosekana), kisha tumia alama[i][j] kama kawaida, na mwishoni rudisha nafasi kwa free(alama), mara moja tu. Wengi hufundishwa pointa ya pointa (anwani inayoelekeza kwenye anwani nyingine), yaani malloc kwa kila mstari. Mimi siipendi, labda kama mistari inatofautiana urefu.

Kuhusu memset, yenyewe hujaza baiti moja moja. Baiti nne zenye 1 kila moja, zikisomwa pamoja kama int, ndiyo hiyo 16843009 yako. Ukitaka 1, zungusha vitanzi viwili vya for.