Masta ya falsafa ya Asia: uanzie wapi

Mdogo wangu, umeuliza kama digrii ya falsafa ya hapa Bongo inaweza kukupeleka ukasome falsafa ya Kichina au ya Kihindi. Inaweza, ila usirushe maombi kila mahali. Wengi wanakimbilia Chuo Kikuu cha Hawai‘i pale Mānoa, na kweli ndiyo nyumbani kwa fani hii, jarida la Philosophy East and West linatoka huko tangu 1951, lakini ile skolashipu ya East-West Center, taasisi iliyo jirani na chuo hicho, ni ya raia wa Marekani, Asia na Pasifiki, kwa hiyo sisi hapo hatumo, itabidi uombe pesa ya idara yenyewe.

Mimi ningeanza na skolashipu ya MEXT, yaani wizara ya elimu ya Japani, kupitia ubalozi wao Dar, wanalipa ada, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi, au ICCR, baraza la uhusiano wa kitamaduni la India, ambao wana nafasi za Waafrika kabisa. China nao wana skolashipu ya serikali.

Sasa kinachoangusha watu ni proposo. Ukiandika "ulinganisho wa falsafa ya Afrika na Asia" hiyo imekwisha, ni pana mno. Chukua kitu kidogo, mfano utu wetu na ren (wema kwa watu) ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, vinaachana wapi linapokuja suala la mgeni asiye ndugu. Na anza lugha leo, hata herufi tano za Kichina kwa siku, maana profesa atataka kujua kama unasoma matini yenyewe au tafsiri tu.

Pasipoti unayo lakini?