Jelatini Hii ya Mnyama Gani?

Mwanangu alirudi kutoka sherehe ya mwenzake wa shule, hapa Uingereza, na kifuko cha pipi laini, zile zinazovutika. Mbili alikuwa ameshakula. Nikageuza pakiti, nikakuta imeandikwa wazi: jelatini ya nguruwe. Nilikaa jikoni moyo unaniuma, maana pipi kama hizo nilizinunua kwa mkono wangu miezi mingi nikidhani ni sukari na rangi tu.

Tangu siku hiyo sinunui kabla sijasoma. Jelatini, kile kinachogandisha pipi hizo zivutike, hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya nguruwe, ng'ombe, na mara chache samaki. Ikishakuwa unga haina rangi, harufu wala ladha itakayokuonyesha imetoka wapi. Maabara ndiyo inaweza kupima, nayo hupata shida, kwa sababu kule kuchemshwa huharibu vinasaba. Kwetu sisi wa jikoni, kilichobaki ni maandishi.

Na maandishi yenyewe ndugu zangu yasomeni kwa makini. Sheria ya hapa inataka jelatini itajwe, lakini mnyama si lazima. Samaki ndiye lazima atajwe, kwa ajili ya wenye mzio. Kwa hiyo pipi iliyoandikwa "jelatini" tupu, mimi naihesabu ni ya nguruwe au ng'ombe, naiacha dukani. E441 ni namba ya zamani ya jelatini hiyohiyo, nayo haikutaja mnyama. Ukiona kigandishi ni pektini, E440, hiyo ni ya matunda. Karagini, E407, inatokana na mwani, wa aina ileile wanayolima kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar.

Ya ng'ombe nayo isikutulize haraka. Kuwa ng'ombe si kusema kachinjwa kihalali. Tafuta alama ya halali na jina la waliothibitisha. Na usiseme "aina hii naijua": kampuni moja inaweza kutumia nguruwe katika kiwanda cha nchi hii na ng'ombe katika cha nchi nyingine. Soma pakiti uliyoishika.

Kwenye dawa ndiko wengi tunasahau. Ganda la kapsuli mara nyingi ni jelatini. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwulize mfamasia kama ipo ya maji, ya kidonge kikavu, au yenye ganda la mimea.

Ukimwandikia mtengenezaji, usiulize "ni halali?" Uliza: jelatini ni ya mnyama gani, alichinjwaje, na kiwanda kiko nchi gani? Mimi niliuliza hivyo, nikajibiwa kwa mstari mmoja: nguruwe.