Nobu ya Sauti Isiyonyamaza: Usinunue Pikapu Nyingine Kabla ya Kupima

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimemaliza gitaa langu la umeme na linalia vizuri, lakini nikirudisha nobu ya sauti hadi sifuri halinyamazi. Linafifia tu kama limefunikwa blanketi. Ninunue pikapu nyingine?" Mdogo wangu, usinunue pikapu, kile kifaa cha chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake. Mimi nilinunua.

Gitaa langu la kwanza nililichonga jioni baada ya jioni kwa miezi minne. Shingo ilikaa sawasawa, nyuzi hazikugonga freti, na hadi leo najivunia mwili ule. Siku nilipolipiga mbele ya watu, nikarudisha nobu ili nizungumze, lakini kila nilipogusa nyuzi zilisikika chini ya maneno yangu. Mpiga besi niliyemheshimu sana akasema wote wakisikia, "Gitaa la kununua halifanyi hivyo." Bado inaniuma. Nikabadilisha pikapu, kisha poteshometa (kile kifaa cha kurekebisha sauti kinachozungushwa na nobu), na tatizo likabaki palepale, maana nilikuwa nalehemu vilevile kila mara.

Poteshometa ya sauti ina miguu mitatu. Mmoja wa pembeni hupokea waya wa pikapu, wa katikati hupeleka sauti kwenye jeki (tundu la kuchomekea kebo), na wa pembeni uliobaki huenda ardhini, yaani kwenye njia ya kurudi ya umeme ndani ya gitaa, kwa kawaida kwa kukunjwa na kulehemiwa kwenye mgongo wa poteshometa yenyewe. Huu wa tatu ndio unaonyamazisha. Usiposhika, poteshometa ya kilo-omu 500 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme) inabaki kizuizi cha njiani tu. Amplifaya nyingi za gitaa zina ukinzani wa takriban megaomu 1 mlangoni, kwa hiyo sauti hupungua kidogo na ule ukali wake wa juu hupotea. Hilo ndilo blanketi lako.

Kwenye gitaa langu mguu huo wa tatu ulionekana umelehemiwa. Bonge la lehemu lilikaa pale, kijivu, halina mng'ao, nami nikaliamini. Bati la mgongo hunyonya joto. Usipolipasha lenyewe, lehemu hukaa juu yake kama tone la nta. Nilikwangua kwa msasa, nikalipasha kwa chuma cha kulehemu chenye moto wa kutosha, na lehemu ikatandaa ikang'aa. Usikawie hapo, joto likizidi huunguza kaboni iliyomo ndani.

Pima kwanza. Narudia kwa kila anayejenga: pima kwanza! Chomeka kebo kwenye gitaa, kisha gusisha mita ya kupimia ukinzani kwenye ncha na shina la plagi ya upande wa pili. Nobu ikiwa imefunguliwa yote, utasoma takriban ukinzani wa pikapu, mara nyingi kati ya kilo-omu 6 na 9. Ikiwa sifuri, usome karibu na 0. Katikati namba hupanda hata kupita kilo-omu 100, usishtuke. Mimi penye sifuri nilisoma karibu kilo-omu 500, na pesa ya pikapu ilikuwa imeshatoka.

Kama nobu yako inafanya kazi kinyume, hiyo ni rahisi: waya za miguu ya pembeni zimebadilishana nafasi.

Gitaa lile ninalo bado, na nikilirudisha sifuri ni kimya kabisa. Mdogo wangu, ukishapima niandikie namba uliyoisoma.