Mwenye ini lililosinyaa ameze dawa gani ya maumivu, na kiasi gani?

Mgonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, akilalamika maumivu, mara nyingi nyumbani hukatazwa panadol na kupewa diklofenaki au ibuprofeni, kwa kuwa imeshaenea kwamba panadol huua ini. Kwa mgonjwa huyu mambo yako kinyume. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, ambazo kwake tayari zinapata damu kidogo, na zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Pia hudhuru tumbo la mtu ambaye mishipa ya koromeo la chakula imevimba na damu yake haigandi upesi. Aziache kabisa.

Parasetamoli, yaani hiyo panadol, anaweza kumeza, ila kwa kipimo chake. Mtu mzima mwenye ini zima hufikia hadi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye sirosisi asivuke gramu 2: kidonge 1 kila baada ya saa 6, basi. Mlevi wa kila siku na mtu aliyekonda kwa kutokula nao wabaki hapo hapo. Sehemu ndogo ya parasetamoli hugeuka sumu ndani ya ini, na ini huizima kwa kutumia glutathioni, kemikali yake ya kujikinga. Njaa na pombe humaliza akiba ya glutathioni; pombe tena huongeza kimeng'enya kinachotengeneza sumu yenyewe. Kinachowaponza wengi ni dawa ya mafua: wanahesabu panadol, wanasahau kwamba ile ya mafua nayo ina parasetamoli. Soma boksi.

Kuhusu dawa nyingine, hatari kubwa si kwamba zinalichoma ini. Ni kwamba ini halizitoi. Dawa ya kumeza ikitoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Propranololi, dawa ya moyo na presha, kwa mfano, kwa mtu mzima wa afya hupunguzwa sana hapo, ikabaki takriban robo. Kwenye sirosisi vimeng'enya ni vichache, na sehemu ya damu hupita kando ya ini kupitia mishipa ya pembeni, hivyo kidonge kile kile humwingia kwa nguvu nyingi zaidi. Ndiyo maana daktari akiiandika ili kuzuia mishipa ya koromeo isipasuke, huanza na kipimo kidogo na kukipandisha taratibu huku akipima mapigo ya moyo na presha. Namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, mgonjwa arudi kwa daktari kabla ya kumeza kidonge kinachofuata. Albumini nayo, protini ya damu inayotengenezwa na ini, ikipungua, dawa zinazosafiri zimeishika hubaki huru kwenye damu, na dawa iliyo huru ndiyo inayofanya kazi.

Swali linalokuja kila mara: "Lakini ALT yangu ni ya kawaida?" ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, huonyesha seli za ini zinaumia kiasi gani sasa, haisemi ini lina uwezo gani. Ini lililochakaa kabisa linaweza kutoa ALT nzuri. Kwa ajili ya dawa, angalia albumini, bilirubini (rangi ya manjano kwenye damu) na INR (kipimo cha kuganda kwa damu), pamoja na maji tumboni na kuchanganyikiwa. Vitu hivyo vitano hupewa alama katika kipimo cha Child-Pugh: 5 hadi 6 ni A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Karatasi za dawa nyingi huelekeza kipimo kwa herufi hizo, kwa hiyo muulize daktari herufi yako na umtajie mfamasia.

Dawa za usingizi ndizo za kuogopwa kuliko zote. Diazepamu hukaa mwilini mara mbili ya kawaida au zaidi, na ya leo hujilundika juu ya ya jana. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, daktari akiona haina budi, huandikwa miligramu 50 kila baada ya saa 12, si kila saa 6 kama kwa wengine, na ikifunga choo huleta balaa la pili, kwa sababu sumu za utumboni hupanda hadi kwenye ubongo. Mgonjwa akianza kulala mchana na kukesha usiku, mikono ikitetemeka anapoinyoosha mbele, au akisema maneno yasiyoeleweka, msimpe dozi nyingine. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe kila dawa anayotumia, zikiwemo za mitishamba.