Rimoti ndani ya pipa, na wote wanasema "si mimi"

SWALI: Habari ya kazi, mshauri. Nina watoto wawili, mvulana wa miaka 6 na msichana wa miaka 3 na nusu. Tunaishi Umoja, Nairobi, na kwa sababu ya mgao wa maji tuna pipa kubwa jikoni. Jumamosi nilipanda juu ya paa kuanika nguo. Kurudi nikakuta rimoti ya TV imezama ndani ya pipa. Mkubwa anasema ni mdogo. Mdogo anasema ni dada wa kazi, na dada alikuwa ameenda kwao tangu Ijumaa! Baba yao anataka wachapwe wote wawili hadi mmoja akubali. Nitamjuaje anayedanganya?
Mama Wawili

JIBU: Pole kwa rimoti, mama. Toa betri, iache ikauke kabisa, na ikikataa, pale Luthuli Avenue hutakosa inayofanana nayo.

Kumjua mwongo kwa kumtazama usoni, sahau. Watu wazima wakipimwa kwa jambo hilo hubahatisha tu, na mimi nikiwemo.

Mwaka 1989 huko Marekani, mtafiti Michael Lewis na wenzake walimwacha kila mtoto wa miaka 3 peke yake na kitu cha kuchezea mgongoni pake, wakamkataza kugeuka. Kati ya watoto 33, 29 walichungulia. Walipoulizwa, asilimia 38 walikiri, asilimia 38 wakakana, waliobaki wakanyamaza. Kwa hiyo binti yako hana kasoro yoyote. Tena uongo wa umri huo huvuja: mtoto anaapa hakuchungulia, ukimuuliza anadhani ni kitu gani kile, anakutajia jina lake. Niliwahi kuletewa wa miaka 4 mwenye masharubu ya maziwa ya unga, akasisitiza ni paka aliyekula. Wanakaa ghorofa ya 4 na hawajawahi kufuga paka.

Mkubwa ni habari nyingine. Katika miaka 6 ameshajua kwamba wewe hukuona alichokiona yeye, na kwamba mdogo hawezi kujitetea vizuri.

Sasa hilo la baba. Watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walilinganisha, kwa jaribio kama lile la kuchungulia, watoto wa shule mbili za Afrika Magharibi, moja ikitumia viboko na nyingine haitumii. Wa shule ya viboko hawakuacha kuchungulia. Wakiulizwa, karibu wote walidanganya, na uongo wao ulishikamana vizuri zaidi. Utafiti huo ulitoka 2011, mwonyeshe mzee. Na ukiwachapa wote, yule asiye na kosa atakumbuka muda mrefu kuliko mwenye kosa.

Kosa lako, niwie radhi, ni lile swali "ni nani?" Ulitaka wakiri, ukawapa nafasi ya kukana. Safari nyingine sema unachokiona: "Rimoti iko ndani ya maji. Leteni kitambaa." Wote wapanguse, bila hotuba. Usimfanye mmoja awe shahidi dhidi ya mwenzake sebuleni. Hapo unapanda ugomvi ambao utauvuna wakiwa sekondari.

Baadaye kaa na mkubwa peke yake. Kabla hujagusia rimoti muulize, "Utaniambia ukweli?" na usubiri aseme ndiyo kwa mdomo wake. Ahadi hiyo inaonekana kitu kidogo, lakini imejaribiwa na inapunguza uongo. Akikiri, mshukuru kwanza, kisha matokeo yabaki pale pale: hakuna katuni mpaka rimoti inayofanya kazi ipatikane. Wazazi wengi hupenda kufuta adhabu hapo. Mimi sifuti, ila huwa ndogo kuliko ambayo ingekuwa. Kwa mdogo usihangaike na mahojiano. Sogeza tu kifuniko cha pipa kikae imara, maana mtoto wa umri wake na pipa la maji si jambo la kuchezea.

Mkubwa muulize pia rimoti ilikuwa inafanya nini humo. Akikwambia ilikuwa boti, usicheke mbele yake. Ngoja ukapande paani kuanua nguo.