Wadogo zangu mnaoanza maabara, shikeni siko seli kwanza

Naona kila mwaka mkifika tu mnaulizana nani ana madesa ya baiokemia. Madesa yapo kibao ila mimi mwaka wa kwanza nilikariri asidi amino zote 20, nikafaulu pepa, likizo ilipoisha sikumbuki hata tano. Kilichonikaa kichwani ni siko seli (selimundu), ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu nilikomaa nayo kuanzia kwenye jeni mpaka kwa mtoto anayelia mifupa wodini.

Iko hivi. Kwenye jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, imebadilika herufi moja tu ya DNA, A imekuwa T, kwa hiyo GAG inasomeka GTG na pale nafasi ya 6 alipotakiwa kukaa asidi amino glutamiki anakaa mwingine, valini (vitabu vingine vinasema nafasi ya 7, vinahesabu na metionini ya mwanzo, msigombane). Sasa glutamiki ana chaji, anapatana na maji, valini maji hayataki kabisa anatafuta pa kujificha, na himoglobini ikishaachia oksijeni inabadilika umbo na kuacha kijishimo ambacho valini wa jirani anakienea kabisa. Hapo moja inashika nyingine, na nyingine, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu ndani ya chembe nyekundu ya damu na chembe inapinda kama mundu. Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku kama 120, hii siku 10 mpaka 20 imeshavunjika, ndo maana unaona damu pungufu na macho ya njano.

Kinachorukwa darasani ni suala la muda. Zile nyuzi hazitokei hapo hapo, zinachelewa kidogo, na chembe nyingi zinawahi kurudi kwenye mapafu kubeba oksijeni kabla hazijapinda. Ni mbio. Mtu asipokunywa maji, chembe inakauka, himoglobini inasongamana ndani, nyuzi zinawahi kutokea, na baridi ikibana mishipa damu inachelewa njiani. Ukilielewa hilo, yale mambo ya "kunywa maji, vaa sweta" hayana haja ya kukaririwa.

Sasa niwape aibu yangu. Nikiwa fildi nilipima damu ya mtoto kwa ile tesiti ya slaidi na metabaisalfaiti, kemikali inayoondoa oksijeni, chembe zikapinda, nikaandika pozitivu nikajiona fundi, mama akaondoka analia anajua mwanae anaumwa. Wakaja kurudia kwa elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, mtoto ni AS, yaani ana jeni moja ya kawaida (A) na moja ya siko seli (S), kabeba tu, mzima kabisa, tena hao ndo wana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kitu ambacho Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikiandika tangu 1954. Tesiti yangu haikuwa na kosa, kosa ni mimi kudhani inajibu swali ambalo haijaulizwa. Yenyewe inasema S ipo, basi, haikwambii ni AS au SS, yule mwenye S mbili, mgonjwa mwenyewe.

Na kuna mtego wa upande wa pili. Kichanga wa mwezi mmoja anaweza kuwa SS na slaidi yako ikaja negativu, maana damu yake bado imejaa himoglobini ya utotoni, HbF, na hiyo haiingii kwenye zile nyuzi. Inapungua miezi ya mwanzo mwanzo, ndipo ugonjwa unaanza kujionyesha. Dawa ya haidroksiyurea moja ya kazi zake ni kuipandisha tena HbF, na hata Casgevy, ile tiba ya kuhariri jeni iliyopitishwa Uingereza na Marekani 2023, haigusi herufi iliyoharibika, inazima breki ya BCL11A, jeni inayozuia HbF, ili HbF irudi. Mimi nilipoliona hilo nilicheka peke yangu laibrari.

Kwa hiyo ukipewa sampuli uliza kwanza umri, halafu uliza kama kaongezewa damu karibuni, maana hapo kwenye elektroforesisi utaona A ya mtu mwingine na utamwita SS kuwa AS. Na jamani slaidi muizibe pembeni kwa mafuta mazito hewa isiingie, na ukiona bado hazijapinda usikimbilie kuandika negativu eti muda wa chai umefika, iache, rudi uiangalie tena.